Watalii Walikuja Kweli: Sanamu la Patel na Vijiji Sita vya Kevadia

Tarehe 31 Oktoba 2018, katika vijiji vingi vya wilaya ya Narmada, jimbo la Gujarat nchini India, majiko hayakuwashwa. Walioandaa mgomo walitaja vijiji 72. Kwa desturi ya huko nyumba iliyofiwa haipiki, na wakulima wa Kiadivasi, yaani jamii za makabila ya asili ya India, walikuwa wametangaza kwamba siku hiyo wao wamefiwa. Saa hizohizo, kandokando ya mto Narmada, Waziri Mkuu Narendra Modi alikuwa akizindua sanamu la Vallabhbhai Patel, mita 182 kutoka unyayo hadi utosi, refu kuliko sanamu jingine lolote duniani. Wenyeviti wa vijiji 22 walikuwa wameshamwandikia barua ya wazi kumwambia kwamba hawatampokea. Mabango yenye picha yake yalichanwa barabarani, yakabandikwa mengine, na hayo mengine yakawekewa polisi wa kuyalinda.

Habari ya sanamu hili husimuliwa kwa njia mbili. Moja ni ya hesabu ya mbadala: pesa zile zingejenga shule ngapi, zahanati ngapi, visima vingapi. Nyingine ni ya kuonyesha foleni ya watalii na kuuliza, sasa mlikuwa mnabishia nini? Zote mbili zinalikosa jambo lenyewe. Watalii walikuja, tena kwa wingi kuliko wengi walivyotabiri, na wanavijiji hawakuwahi kupinga kwa hoja kwamba hawatakuja. Ugomvi wao ulikuwa juu ya faili la ardhi lililofunguliwa mwaka 1961, kabla hata wazo la sanamu halijamjia mtu yeyote.

Kwanza huyo Patel. Alikuwa naibu waziri mkuu na waziri wa mambo ya ndani wa kwanza wa India huru, aliyeziunganisha tawala za kifalme zaidi ya 560 katika nchi moja. Lakini jina la Sardar, yaani kiongozi, alilipata kabla ya hapo, mwaka 1928 huko Bardoli, kusini mwa Gujarat hiyohiyo. Serikali ya kikoloni ilikuwa imepandisha kodi ya ardhi, wakulima wakagoma kulipa, mashamba na mifugo yao ikakamatwa, na Patel akawaongoza mpaka serikali ikalegeza kamba. Kwa hiyo wanavijiji wa Narmada walipoandika kwamba Sardar mwenyewe angelia kuona yanayofanywa kwa jina lake, hawakuwa wanapamba barua. Walikuwa wanaisoma historia vizuri kuliko wenye mabango.

Faili la 1961

Tarehe 5 Aprili 1961 Jawaharlal Nehru, waziri mkuu wa wakati huo, aliweka jiwe la msingi la bwawa ambalo baadaye liliitwa Sardar Sarovar. Kwa ajili ya bwawa hilo serikali ilichukua ardhi ya vijiji sita: Kevadia, Kothi, Waghadia, Limdi, Navagam na Gora. Si kwamba maji yangevifikia. Ardhi ilitakiwa kwa makazi ya wahandisi na vibarua, ofisi, maghala, karakana na barabara. Fidia ililipwa kwa viwango vya miaka ile.

Kisha mradi ukakwama. Majimbo ya Gujarat, Madhya Pradesh na Maharashtra yaligombania maji ya Narmada, suala likapelekwa kwenye baraza maalumu la usuluhishi, na uamuzi ukatoka mwaka 1979. Ujenzi wa maana ulikuja kushika kasi mwishoni mwa miaka ya 1980. Katika muda wote huo sehemu kubwa ya ardhi iliyochukuliwa ilibaki bila jengo, na wenyewe waliendelea kuilima, kuchunga na kujenga humo. Mtoto aliyezaliwa Limdi mwaka 1965 alikua akiijua kama shamba la baba yake. Daftari la serikali lilisema vingine.

Uamuzi wa 1979 ulikuwa na kifungu kizuri. Familia ambayo maji yangefunika zaidi ya robo ya ardhi yake ilistahili kulipwa ardhi kwa ardhi, isiyopungua hekta 2 zenye umwagiliaji. Angalia sharti lake: maji yafunike. Watu wa vijiji sita hawakuzamishwa, walipisha nyumba za wafanyakazi tu. Hivyo mradi mmoja ukazaa aina mbili za waliohamishwa, na waliokaa karibu zaidi na ukuta wa bwawa ndio waliopata haki ndogo zaidi. Wengi wao hata maji ya mfereji hawayapati, ingawa mfereji mkuu unaanzia uani kwao na kuyapeleka hadi Kutch na Saurashtra, maeneo ya mbali ya Gujarat.

Nusu karne baadaye ardhi ile, iliyochukuliwa kwa ajili ya bwawa, ikaanza kugawiwa kwa hoteli, bustani, maegesho, mahema ya kifahari na nyumba za wageni ambazo kila jimbo la India lilialikwa kujenga. Serikali ilisema: ardhi ni yetu tangu miaka ya 1960, tulilipa. Wanavijiji walisema: mlichukua kwa kazi moja, kazi hiyo imekwisha, hoteli si bwawa. Walitaja pia sheria ya mwaka 1996 ya serikali za vijiji katika maeneo ya makabila, inayotaka mkutano mkuu wa kijiji ushauriwe kabla ardhi haijachukuliwa. Udhaifu wa hoja hiyo mahakamani ni rahisi kuuona: ardhi ilichukuliwa miaka 35 kabla sheria haijatungwa. Mapema Mei 2020 Mahakama Kuu ya Gujarat ilitupilia mbali ombi la kuzuia kazi. Uzio ukaendelea kujengwa wakati nchi nzima imefungwa kwa sababu ya korona, watu wakatoka kuuzuia, polisi wakaja.

Nadhani hapa ndipo penye somo kubwa kuliko yote katika habari hii. Hati ya kuchukua ardhi kwa manufaa ya umma huwa na mstari mmoja unaotaja manufaa yenyewe. Mstari huo ukiwa mpana, au kukiwa hakuna kifungu kinachosema ardhi isipotumika kwa kazi hiyo ndani ya miaka kadhaa irudi kwa mwenyewe, basi mwenye ardhi amepoteza vizazi vyote vitakavyofuata, si shamba tu. Anayekuja na sanamu baada ya miaka hamsini hahitaji kumnyang'anya mtu chochote. Anafungua droo.

Kilima chenyewe sanamu liliposimama, kisiwa kinachoitwa sasa Sadhu Bet, kilomita zipatazo 3 chini ya bwawa, wenyeji walikijua kama kilima cha Varata Bawa, mahali pao pa ibada. Hilo halikuingia kwenye jedwali lolote la fidia.

Miguu miwili na upepo wa mgongoni

Mpinzani wa haki akubali kwamba kazi ya uhandisi ni kubwa. Sanamu nyingi refu huvikwa kanzu au joho pana linalofika chini, na joho hilo ndilo msingi: chini pana, juu pembamba, mzigo unatulia. Patel anatembea. Amevaa dhoti, nguo ya kufungwa kiunoni, na ndala, mguu mmoja mbele, na kati ya miguu kuna uwazi wa mita zipatazo 6.4. Kwa hiyo mwili ni mwembamba chini kuliko juu, kinyume kabisa na anavyotaka mhandisi, na umesimama katika bonde la mto ambalo upepo hupita kama kwenye bomba.

Dawa iliyotumika ni minara miwili ya zege ndani ya miguu, ambayo pia hubeba lifti, ikifungwa kwa fremu ya chuma, na juu ya fremu hiyo vikatundikwa vipande vya shaba nyeusi vyenye uzito wa zaidi ya tani 1,700 kwa jumla. Nondo peke yake ni kama tani 18,500. Ndani kuna vizito viwili vya tani 250 kila kimoja, vilivyoning'inizwa ili jengo likiyumba upande mmoja vyenyewe vivute upande wa pili na kutuliza mtikisiko. Limesanifiwa kuhimili upepo wa kilomita 180 kwa saa. Mchongaji ni Ram V. Sutar, mkandarasi Larsen & Toubro, na vipande vya shaba vilimiminwa China kwa sababu hakukuwa na kiwanda India chenye uwezo wa kazi ya ukubwa huo. Jambo hilo liliwakera wengi, maana sanamu lilikuwa limenadiwa kama fahari ya nchi.

Kulikuwa na kampeni nyingine: wakulima wa India nzima waombwe majembe na plau kuukuu, chuma hicho kiyeyushwe kitengeneze sanamu la mtetezi wa wakulima. Wazo lilikuwa tamu. Zilizokusanywa hadi mwaka 2016 ni kama tani 135, na kama 109 kati yake zikaishia kwenye msingi, chini ya zege. Chuma cha plau kuukuu ni cha kila aina, kina kutu na kaboni isiyo sawa, hakifai kubeba mnara. Mhandisi yeyote angelisema hilo siku ya kwanza, lakini kampeni za namna hii haziandikwi na wahandisi.

Hesabu ya tiketi

Mkataba ulikuwa wa rupia bilioni 29.89. Katika mchanganuo uliotangazwa, sanamu lenyewe lilitengewa rupia bilioni 13.47, ukumbi wa maonyesho na mikutano bilioni 2.35, daraja la kufikia kisiwani bilioni 0.83, na matunzo ya miaka 15 bilioni 6.57. Tazama hiyo ya mwisho. Matunzo ni karibu nusu ya gharama ya kulisimamisha sanamu, na ndiyo namba ambayo huwezi kuikuta kwenye bango la uzinduzi popote duniani.

Sehemu ya fedha ilitoka kwa kampuni tano za mafuta za serikali, jumla rupia bilioni 1.47 kwa fungu la kusaidia jamii. Mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali alilihoji hilo mwaka 2018: sanamu jipya si urithi wa kale, na fungu la urithi haliwezi kulibeba.

Sasa tupige hesabu. Tiketi za mwanzo zilikuwa rupia 150 pamoja na basi kwa anayeishia chini na kwenye makumbusho, 380 kwa anayepanda roshani ya kifuani, yapata mita 153 juu, na 1,030 kwa asiyetaka kupanga foleni. Matunzo ya rupia bilioni 6.57 kwa miaka 15 ni rupia milioni 438 kwa mwaka. Kwa tiketi ya 380, hizo ni kama wageni milioni 1.15 wa roshani kila mwaka, kulipia matunzo tu. Roshani inachukua watu 200 kwa mara moja. Ukiwapa nusu saa kila kundi, kwa saa kumi za kazi wanapita 4,000. Jumatatu hufungwa, kwa hiyo siku za kazi ni kama 312, jumla yake milioni 1.25. Yaani roshani ikijaa asubuhi hadi jioni, mwaka mzima, mvua na jua, inalipa matunzo na chenji kidogo. Ukifupisha muda wa kukaa juu unapata zaidi, ila mgeni aliyesafiri kilomita 200 kutoka Ahmedabad na kusimama foleni saa mbili hataki kuambiwa dakika kumi na tano zimekwisha.

Ndiyo maana wasimamizi hawakuishia kwenye sanamu. Zikafuata bustani ya maua, hifadhi ya wanyama, bustani ya vipepeo, bustani ya dungusi kakati, maonyesho ya taa usiku, safari za mashua, kituo cha treni kilichofunguliwa Januari 2021. Sababu ni ya kibiashara na haina ubaya: Vadodara iko kiasi cha kilomita 90, mgeni anaweza kuja asubuhi na kurudi jioni akiwa amenunua tiketi na chupa ya maji. Ili alale, lazima apewe kitu cha siku ya pili. Mbinu ilifanya kazi. Kwa Novemba 2019 serikali ilitangaza wastani wa wageni zaidi ya 15,000 kwa siku, zaidi ya wanaokwenda kwenye Sanamu la Uhuru la New York. Lakini kila kivutio cha siku ya pili kinataka hekta zake, na hekta zilikuwa zilezile za vijiji sita. Mafanikio ya utalii ndiyo yaliyoongeza njaa ya ardhi.

Basi linasimama wapi

Ukitaka kujua nani atakula utalii, acha kuangalia mchoro wa sanamu. Angalia mchoro wa maegesho. Kevadia mgeni huacha gari kwenye uwanja mkubwa wa kuegesha, hupanda basi la mradi, hushushwa langoni, hula kwenye banda la vyakula lililokodishwa kwa zabuni, hurudishwa kwa basi lilelile. Tiketi amenunua mtandaoni. Mama wa Kothi mwenye beseni la mahindi ya kuchoma hakutani naye hata kwa sekunde moja. Wachuuzi waliojaribu kuweka meza barabarani baada ya uzinduzi waliondolewa, mara nyingine zaidi ya mara moja, kwa sababu ambazo machinga wa Dar es Salaam au Nairobi anazijua kwa moyo: usafi, usalama, msongamano, mandhari.

Kuna waliofaidika, na ni vibaya kuwaficha. Vijana wa Kiadivasi waliajiriwa kama waongoza wageni, walinzi, watunza bustani na wafagizi. Wanawake walifundishwa kuendesha bajaji za umeme baada ya Modi kutangaza Juni 2021 kwamba mji huo utakuwa wa magari ya umeme pekee. Kazi ni kazi. Ila ajira nyingi za aina hii ni za wakandarasi, mkataba wa mwaka, na shamba lilikuwa la kudumu. Anayetoa hekta 2 akapewa ufagio hajabadilishana kitu kwa kitu.

Mwishoni mwa mwaka 2019 bunge la jimbo likapitisha sheria ya kuunda mamlaka maalumu ya eneo la sanamu, yenye uwezo wa kupanga matumizi ya ardhi na kuondoa wavamizi. Wakulima walielewa mara moja kwamba mvamizi, kwa lugha ya daftari la 1961, ni wao. Maandamano yakaanza upya.

Mkasa wa mipaka ya hifadhi ndio unaoonyesha vizuri kwamba sauti ya wenyeji husikika ikipita mlango sahihi. Mwaka 2016 serikali kuu ilitangaza ukanda nyeti wa mazingira kuzunguka hifadhi ya wanyama ya Shoolpaneshwar wilayani Narmada, vijiji 121. Miaka ikapita kimya. Mwaka 2020 maafisa wa ardhi wakaanza kuandika jina la idara ya misitu kwenye rekodi za mashamba ya watu, na kwa wenyeji waliokwishaona uzio wa Kevadia, hiyo ilikuwa kengele ileile. Tofauti ni kwamba safari hii aliyepiga kelele alikuwa mbunge wa chama tawala, Mansukh Vasava wa Bharuch, Mwadivasi mwenyewe. Desemba 2020 alimwandikia waziri mkuu, akatangaza kujiuzulu, na kesho yake akatengua uamuzi wake baada ya kuahidiwa. Uandikaji ule ukasitishwa. Vijiji sita, vyenye familia chache na kura chache, havikuwahi kupata mbunge wa kutishia kujiuzulu.

Mamba, ndege na mvua

Mambo mengine yalikwenda mrama kwa sababu za kiufundi, na yanafaa kujulikana.

Juni 2019, msimu wa mvua, maji yaliingia kwenye roshani ya kifuani na picha za wageni wakiruka madimbwi zikasambaa. Roshani ile mbele yake si kioo kizima, ina nafasi za kuonea nje, na pepo za masika huko zinapiga mvua kwa ubavu. Ukifunga kabisa, mgeni anatazama bwawa kupitia kioo chenye ukungu. Ukiacha wazi, unahitaji mtu wa kudeki kila mvua inaponyesha. Wamechagua kudeki.

Mto nao. Sanamu linapendeza likiwa limezungukwa na maji, lakini chini ya bwawa kubwa mto hukauka sehemu kubwa ya mwaka. Kilomita kama 12 chini yake kuna ukuta mdogo wa Garudeshwar unaorudisha maji nyuma. Kazi yake rasmi ni ya umeme: kituo cha bwawa kina mitambo inayoweza kugeuzwa kupampu maji yarudi juu, na kinahitaji dimbwi la chini. Dimbwi hilohilo ndilo kioo cha sanamu kwenye picha. Wakulima wa vijiji vya Garudeshwar wakajikuta wamepisha mradi wa pili, na wavuvi wa Bharuch, karibu na mdomo wa mto, wakaendelea kulalamika kwamba maji matamu hayawafikii na chumvi inapanda.

Ndege ya kutua majini ilikuwa wazo la kuleta wageni wenye pesa. Januari 2019 mamba wakaanza kunaswa kwenye ziwa dogo karibu na bwawa na kupelekwa kwingine ili ndege ipate pa kutua. Tarehe 31 Oktoba 2020 safari kati ya Ahmedabad na Kevadia zikazinduliwa, kwa ndege ya abiria wachache iliyoletwa kutoka Maldives. Kila ilipofika zamu ya matengenezo ilibidi irudi hukohuko Maldives, kwa kuwa hapakuwa na karakana yake. Aprili 2021 safari zikakoma. Mamba walishahamishwa.

Wavuvi wa Mumbai

Mambo yalikwenda tofauti kusini kidogo. Maharashtra ilitaka sanamu la mfalme Shivaji baharini mbele ya Mumbai, refu kuliko hata la Patel, juu ya mwamba utakaopanuliwa kwa kifusi hadi hekta kama 16. Desemba 2016 Modi alikwenda kulifungulia kazi. Wavuvi wa Kikoli, wenyeji wa Mumbai kabla haijawa Mumbai, walipinga tangu mwanzo. Hawakusema lolote juu ya Shivaji, ambaye wao wenyewe wanamtukuza. Walisema miamba ile ndiyo samaki wanakozalia, kwamba njia za mashua zao zinapita pale, na kwamba mahali penyewe ni hatari.

Tarehe 24 Oktoba 2018 mashua iliyowabeba watu kwenda kwenye sherehe ya kuanza ujenzi iligonga mwamba na kuzama. Kijana mmoja alikufa. Januari 2019 kazi ikasimamishwa kufuatia amri ya Mahakama ya Juu, na miaka ikapita bila sanamu kuinuka.

Kilichowasaidia Wakoli na wenzao wa mazingira ni tarehe. Kanuni za ukanda wa pwani zilikuwa zimerekebishwa mwaka 2015 ili kuruhusu minara ya kumbukumbu baharini, na mkutano wa kusikiliza wananchi ukarukwa. Hapo palikuwa na kosa jipya, lenye sahihi na muhuri, la kupeleka mahakamani. Watu wa Kevadia walikuwa na kosa la 1961. Narmada nako kulikuwa na ombi mahakamani juu ya tathmini ya mazingira, lakini shauri liliposikilizwa msingi ulishaanza kuchimbwa, na majaji wa popote huona ugumu kusimamisha zege.

Kwa wa pwani, ongeza na hili: Agosti 26, 2024 sanamu jingine la Shivaji, la urefu wa futi 35, lilianguka huko Malvan, pwani ya Maharashtra, miezi isiyofika tisa tangu lizinduliwe. Maafisa wakasema upepo, kama kilomita 45 kwa saa. Siku chache kabla, mhandisi wa idara ya ujenzi alikuwa ameandika barua kwamba nati na boliti zimeshika kutu. Hewa ya chumvi haitaki mwaka kumaliza chuma kisichopakwa dawa, na kwenye sanamu boliti zimejificha ndani ya ganda, huzioni mpaka uingie.

Anapokuja mtu na mchoro

Mijadala ya vijijini huanza na kuisha kwenye swali kama sanamu ni zuri au ni la nani. Huko mwenye mradi hushinda, kwa kuwa anayepinga huonekana anamtukana marehemu. Wapinzani wa Kevadia waliepuka mtego huo kwa kurudia kila mara kwamba Patel hawana ugomvi naye. Ni busara ya kuigwa.

Kijiji chenu kikiletewa mradi wa namna hii, ombeni kwanza hati ya ardhi, si mchoro: ilichukuliwa lini, kwa kazi gani iliyoandikwa, nani alilipwa na kwa stakabadhi ipi. Kama kijiji kinalima ardhi ambayo daftari linasema ni ya serikali, hilo litatuliwe kabla hakujatajwa mtalii, kwa sababu bei hupanda siku mradi unapotangazwa na upole wa maafisa hushuka siku hiyohiyo. Kisha ombeni ramani ya hatua ya pili. Hekta za sanamu huwa chache, hekta za hoteli na maegesho ndizo nyingi, na mara nyingi hutangazwa baada ya uzinduzi. Ulizeni basi linashusha wageni wapi, na vibanda vingapi vya wenyeji vimechorwa kwenye njia kati ya basi na lango, vikiwa na maji na choo. Kibanda kisichokuwa kwenye mchoro wa kwanza kitaitwa uvamizi.

Mkutano wa kijiji uwe na muhtasari wenye tarehe, idadi ya waliohudhuria na kila pingamizi likiandikwa kwa maneno ya aliyelitoa, na nakala ibaki kijijini, kwa kuwa nakala ya ofisini hupotea. Kesi ya mazingira ifunguliwe kabla ya tingatinga kufika. Na kwenye bajeti tafuteni mstari wa matunzo. Kama haupo, ulizeni ni halmashauri ipi itakayolipia rangi, taa, walinzi na boliti mwaka wa tatu, kwa fungu lipi.